Mhunzi Aliyekataa Kupiga Magoti

Akupaye jina ndiye akuitaye. Mmeisikia leo mara ya kwanza, mnacheka, mnadhani ni habari za kuitana barabarani. Tulieni niwape chanzo chake. Mwaka msiniulize, sikuwepo.

Uingereza ya zamani palikuwa na mhunzi, jina lake Osberti, hodari wa kuvalisha farasi viatu vya chuma. Kijiji chao hakikuwa na bwana. Wa mwisho alikufa bila mrithi, wakabaki wanajilimia wenyewe. Osberti alikuwa na wana watatu wakubwa, na hao ndio waliokuwa roho yake.

Siku moja mfalme akapita na msafara, farasi wake kipenzi akichechemea. Waganga wote walikwisha kata tamaa. Osberti akauinua ule mguu, akang'oa msumari uliopigwa vibaya, akakamua usaha, akafua kiatu kipya. Siku ya tatu farasi anatimka. Mfalme kwa furaha akatangaza kwamba mhunzi atafanywa Lodi, yaani bwana mwenye cheo, na kijiji chote kitakuwa chini yake.

Hawisa, mkewe, nusura aote mabawa. Alikwisha jichagulia kiti cha mbele kanisani na jirani wa kumringia. Osberti yeye akaenda kwa karani wa mfalme kuuliza utaratibu. Karani akamweleza kwa madaha: unapiga magoti, unaunganisha viganja, mfalme anavifumbata ndani ya vyake, nawe unasema, "Mimi ni mtu wako." Basi. Na vita ikitokea je, akauliza Osberti. Karani akacheka. Lodi akiitwa vitani huja na vijana wote wa kijiji chake, akianza na wanawe.

Kumbe hiyo "basi" ilikuwa na mkia. Osberti alirudi nyumbani akiwawaza wanawe.

Siku ya sherehe watu walijaa pomoni mbele ya kanisa. Mfalme akanyoosha mikono. Osberti akasimama na aproni yake ya ngozi, mikono nyuma.

"Piga magoti," mfalme akasema.

"Ee mfalme, nina swali. Jina hilo ukishanipa, nani ataniita kwalo?"

"Mkeo. Majirani zako. Watu wote."

"Na vita ikitokea?"

"Nitakuita mimi."

"Basi jina ni lako, si langu. Siwezi kusema mimi ni mtu wako, maana ni mtu wa mke wangu na wanangu. Farasi nimemponya bure, na yaishe hapo."

Askari wakashika panga. Hawisa akafunika uso. Goti la Osberti halikukunjika.

Mfalme alighadhibika. Akasema ni yule farasi tu aliyeiokoa shingo ya mhunzi, kisha akaapa mbele ya wote kwamba maadamu yu hai, kijiji kile hakitapata Lodi. Akaamuru kifutwe kwenye daftari lake la mabwana na vijiji vyao, na karani akakifuta papo hapo.

Mwezi mzima Hawisa hakumsemesha mumewe. Majirani walimwita mjinga aliyepiga teke riziki. Kijiji cha pili, Reginaldi mwenye kinu cha kusagia akapiga magoti mbio mbio, akawa Lodi, akipita watu wanavua kofia.

Mwaka uliofuata vita ikazuka. Mjumbe wa mfalme akazunguka na daftari, akisoma majina. Kwa Reginaldi walitoka watu thelathini na wawili, yeye mbele, mwanawe wa pekee nyuma yake. Hakurudi hata mmoja.

Mjumbe alipofika kwa Osberti akapekua daftari, akapekua tena. Akauliza bwana wa pale ni nani.

Osberti hakuiweka nyundo chini. Wanawe watatu walikuwa wamesimama nyuma yake.

"Kamuulize mfalme," akasema. "Yeye ndiye aliyeapa kwamba hatuna."

Mjumbe hakuwa na jina la kuita. Akageuza farasi. Hawisa akatoka mlangoni, akapaza sauti makusudi ili mjumbe amsikie:

"Akupaye jina ndiye akuitaye!"