Amri ya Starehe

Hapo zamani, katika mji ambao hata wenyeji wake waliona uvivu kulitaja jina lake, alitawala Sultani Shekue, aliyelipenda neno starehe kama mtoto apendavyo halua. Basi akatoa amri: starehe ni yake peke yake, na kazi zote ni za raia. Atakayeonekana amestarehe, atavunja mawe ya chokaa maisha yake yote.

Siku hiyo hiyo akakamatwa Faki Kombo, mpasua kuni asiye na kitu ila shoka na ulimi, amelala chali barazani kwake adhuhuri. Maskini, alipofikishwa mbele ya kiti cha enzi, akasujudu hadi paji likagusa sakafu.

"Mola wangu," akasema, "mimi ni mjinga. Kabla sijaenda kwenye mawe, nifahamishe, starehe ni nini?"

"Ni mtu kutofanya kazi yoyote," akajibu Sultani.

"Hata ndogo?"

"Hata ndogo, ewe mpumbavu!"

Ikawa wakati huo sinia la pilau linaingia. Sultani akanyoosha mkono anawe, Faki akanawa badala yake.

"Astaghafiru, mola wangu! Kunawa ni kazi, kumega tonge ni kazi, na kutafuna ndiyo kazi hasa. Hizo zote ni zetu raia."

Akamega, akatafuna, akameza, huku akihema kama mtu aliyebeba gunia. Waziri alitaka kumzuia, lakini ndiye aliyeipigia mbiu amri ile, akaurudisha mkono. Sultani akawashwa pua, Faki akajikuna ya kwake. Sultani akataka kupiga mwayo, Faki akamziba mdomo, akaupiga yeye. Pilau ikapungua, ikabaki nyama moja ya mbuzi, nayo ilikuwa njiani kwenda kwa Faki.

"Lete hapa!" Sultani akanguruma, akaipokonya, akaitafuna kwa meno yake mwenyewe.

Faki akapiga magoti upesi. "Mola wangu, mimi nimestarehe, nawe umefanya kazi. Amri tumeivunja sote. Basi twende kwenye mawe pamoja, ila nyundo nzito ushike wewe, maana una mwili."

Sultani akacheka hata chembe za nyama zikarukia ndevu za Waziri. "Wallahi, sijapata kula nyama tamu kama hii! Amri nimeifuta. Nenda kalale, Faki."

"Nitalala, mola wangu, mmoja wetu akishaliosha sinia hili."

Wakatazamana, Sultani na Faki. Akaliosha Waziri.