Pimbi na Mhuri wa Profesa Kiboko

— Nina ngano!
— Itoe!
— Ina meno!
— Na ing'ate!
— Imng'ate nani?
— Jirani, si sisi!

Haya, kaeni basi. Na wewe wa huko nyuma acha kutafuna, ngano hii haitaki kelele za mahindi.

Zamani hizo wanyama walikuwa na chuo chao karibu na bwawa, na katika chuo hicho alisoma Pimbi. Pimbi mnamjua. Kanyama kadogo ka miambani, hakana mkia, na watu wakikosa tusi la kumpa mwenzao humwita kwa jina lake. Lakini Pimbi huyu alikuwa na akili, tena alikuwa na subira. Alisoma miaka mitatu, mitihani yote akafaulu. Kilibaki kitu kimoja tu. Sheria ya chuo ilisema: mwanafunzi akamilishe mafunzo kwa vitendo, chini ya mkubwa mmojawapo, na daftari lake litiwe mhuri kabla ya mvua za mwaka wa tatu. Asipofanya hivyo jina lake linafutwa, anarudi kwao kama alivyokuja.

Kwao mwambani alikuwapo mama yake, macho yameanza kuingia ukungu. Kila likizo mama aliuliza swali lile lile.

"Mwanangu, umepata?"

"Bado, mama."

Neno hilo "bado" lilimuuma Pimbi kuliko njaa. Alikuwa akilisema huku anatazama pembeni.

Akaanza kutafuta. Akaenda kwenye kichuguu kwa Mchwa, wajenzi wakubwa wale. Hodi, hodi!

"Karibu. Una uzoefu?"

"Ndio nimekuja kuutafuta."

"Sisi tunachukua wenye uzoefu. Pita mwakani."

Akaenda kwenye mzinga kwa Nyuki. Hodi, hodi!

"Karibu. Una barua ya utambulisho?"

"Hii hapa."

"Iache hapo juu ya zile."

Pimbi akaziangalia zile. Lilikuwa rundo refu kumpita yeye, na barua za chini zilikuwa zimeota uyoga. Akaiweka ya kwake juu, kwa adabu, akaondoka.

Akaenda mbugani kwa Nyumbu, wenye kazi ya kupima njia za malisho. Hodi, hodi!

"Karibu. Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Mama Pimbi, wa kule mwambani."

"Aa. Nafasi zimejaa."

Tembea, tembea, tembea, hadi nyayo zikachubuka. Basi ikabaki sehemu moja tu, ile ambayo kila mwanafunzi aliiacha iwe ya mwisho. Ikabaki kwa Profesa Kiboko.

Huyu Kiboko alikuwa mkuu wa utafiti pale chuoni. Mwili wake mlima, mdomo wake ghala. Na alishika mlango mmoja ambao hakuna aliyeweza kuuzunguka. Kila mwaka, kabla ya mvua, alikuja Korongo, yule ndege wa safari ndefu, akitoka nchi za mbali na nafasi moja ya ufadhili. Msimu mzima wa utafiti kwenye maziwa makubwa ya ng'ambo, na malazi, na chakula, na walimu. Aliyeleta kazi bora ndiye aliyekwenda. Lakini kazi haikufika kwa Korongo bila mhuri wa Profesa, na mhuri wa Profesa ulikuwa mguu wake. Aliuchovya topeni, akaukandamiza juu ya kazi, pwaa! Basi.

Na kabla ya pwaa kulikuwa na lwaa. Kwa sababu Profesa alikuwa na ulimi mpana, na jina la mwanafunzi huandikwa kwa makaa. Alilamba mara moja, lwaa! Jina limekwenda. Kisha pwaa! La kwake limekaa. Miaka sita mfululizo Korongo alikuja na nafasi moja, na miaka sita mfululizo nafasi ilikwenda kwa Profesa Kiboko, akaenda akala nyasi za ng'ambo, akarudi amenenepa.

Digidigi, rafiki yake Pimbi, alikuwa ameonja. Alimfanyia Profesa utafiti wa kupe mwaka mzima. Ukaenda lwaa, ukaenda pwaa, na Digidigi akarudi kwao vichakani. Alipoondoka alimwambia Pimbi, "Kazi niliifanya mimi, dada. Sasa hata nikisema, nani ataamini?" Walilia wote wawili, na hakuna ubaya kusema hivyo, maana waliumia.

Basi Pimbi akaingia fildi kwa Profesa. Mnataka kujua mafunzo kwa vitendo yalikuwaje? Daftari lake lilisema hivi. Siku ya kwanza: nimekata nyasi za Profesa. Siku ya pili: nimekata nyasi za Profesa. Siku ya tatu: nimekata nyasi za Profesa, na nimemkuna mgongo. Hayo ndiyo mafunzo, jamani.

Lakini mchana, Profesa akishazama majini kulala, Pimbi alipanda mwambani kufanya kazi yake mwenyewe. Bwawa lile lilikuwa likipungua kila kiangazi, na hakuna aliyejua maji yake hasa yanatoka wapi. Pimbi alikuwa na wazo. Katika mwamba kulikuwa na ufa, upana wake shubiri moja, kina chake pima nne. Akajipenyeza humo, akalala kifudifudi gizani, akasikiliza. Ti... ti... ti... Akahesabu matone. Siku arobaini alilala katika ufa ule, baridi imemkamata mbavu, anahesabu na kuchora alama kwa makaa. Mwishoni akajua. Maji ya bwawa yote yalizaliwa humo ndani, na alijua yanavyopungua siku hadi siku.

Akaandika kazi yake juu ya magome arobaini. Alipoandika jina lake kwenye gome la kwanza alijua litakaa siku ngapi. Akafikiri, akafikiri. Jina lililo nje linalambika. Je, lililo ndani?

Wanafunzi wa Profesa walifundishwa kuandika matokeo tu. Jinsi ulivyofika, jinsi ulivyolala, jinsi ulivyoumwa mbavu, hayo hayaulizwi na hayaandikwi. Pimbi akayaandika. Aliandika upana wa ufa na kina chake. Aliandika alivyotanguliza kichwa, kisha bega la kulia, kisha la kushoto. Na katika gome la mwisho akaandika: "Mwenye shaka na aje. Nitaingia tena mbele yake."

Akaibeba kazi hadi bwawani.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Umeleta?"

"Nimeleta. Lakini naomba uisome kwanza, Profesa."

Kiboko akainyanyua, akaipimapima kwa uzito. "Magome mangapi?"

"Arobaini."

"Inatosha."

"Profesa, si vibaya ukaisoma kwanza."

"Mimi nilikuwa nasoma kabla mama yako hajaota meno!"

"Ni kweli, mzee wangu. Angalau gome la mwisho, lisome kwanza."

Kiboko akafungua mdomo ule ghala. "Kapimbi! Nani anamfundisha nani hapa?"

Mara tatu alimwambia asome. Mara tatu, nyie ni mashahidi wangu. Na Pimbi alijua jambo moja kuhusu wakubwa wa namna hii, kwamba mdogo akiwaambia wasome, ndipo hawasomi kabisa. Lwaa! Pwaa! Kazi ikawa ya Profesa.

"Na daftari langu, Profesa? Mvua zimekaribia."

"Nikirudi kutoka ng'ambo nitalitia mhuri."

"Ukirudi, mvua zitakuwa zimepita. Nitafutwa."

"Basi utafutwa. Kwani wewe ni wa kwanza?"

Pimbi akainama, akaondoka. Msidhani alikuwa anacheka moyoni. Alikuwa anaogopa, kwa sababu Korongo asipolifikia gome la mwisho, kila kitu kimekwisha, na mwambani kuna mtu anasubiri jibu.

Korongo akafika. Pa, pa, pa, akatua, akakunja mabawa. Wanyama wote wakakusanyika, wakubwa mbele, wanafunzi nyuma. Profesa Kiboko akasimama, akakohoa, akasema mwaka huu ametafiti kwa taabu ambayo mdomo hauwezi kuieleza. Hapo hakudanganya.

Sasa Korongo alikuwa na desturi yake. Hakutoa nafasi bila kuona kwa macho mahali kazi ilipofanyikia. Miaka yote sita kazi zilikuwa za majanini na matopeni, na Profesa alimtembeza bila tabu. Korongo akafunua magome moja moja kwa mdomo wake mrefu, taratibu, hadi la arobaini. Akasoma kwa sauti.

"'Mwenye shaka na aje. Nitaingia tena mbele yake.' Profesa, shaka sina. Lakini hamu ninayo. Twende ukaingie."

"Niingie wapi?" akauliza Kiboko.

"Ulipoingia."

Wakapanda wote mwambani, Kiboko anahema, hee, hee, hee. Wakafika kwenye ufa. Korongo akautazama ufa, akamtazama Kiboko, akautazama tena ufa.

"Umeandika shubiri moja."

"Wakati ule nilikonda," akasema Profesa.

"Umeandika ulitanguliza kichwa."

"Nilitanguliza."

"Tanguliza."

Wenye akili wangekiri hapo. Lakini nyuma yake walikuwapo wanafunzi wake wote, na mtu aliyezoea kuitikiwa hajui kusema nimekosa. Kiboko akavuta pumzi, akabana macho, akasukuma pua yake ndani ya ufa. Kwaa! Ikaingia. Akavuta. Haikutoka. Akavuta tena. Ng'o!

Hakuna aliyecheka. Ikasikika kutoka ndani ya mwamba: ti... ti... ti...

Korongo akainamisha shingo. "Profesa, siku ya arobaini yalikuwa matone mangapi?"

"Mmmf," akasema Profesa.

"Mangapi?"

"Mmmf!"

"Mia tatu na sita," ikasema sauti nyuma ya umati. "Siku ya kwanza yalikuwa mia saba na kumi na mbili. Siku ya ishirini sikusinzia hata kidogo, kwa hiyo hesabu ya siku hiyo ndiyo ninayoiamini zaidi."

Wanyama wakageuka. Alikuwa Pimbi. Akapita katikati ya miguu ya wakubwa hadi kwenye mwamba. Upande wa pili ufa ule ulikuwa na mdomo mwingine. Akatanguliza kichwa, bega la kulia, bega la kushoto, akapotea. Kisha sauti yake ikatoka ndani ya jiwe, inahesabu tone moja moja, na mwenye kusikiliza alisikia kwamba analia. Korongo akamwacha ahesabu hadi mia. Hakumkatiza.

Alipotoka, Korongo akachukua kipande cha makaa akamkabidhi. Pimbi akaandika jina lake mwenyewe, mbele ya watu wote. Kisha, kwa idhini ya Korongo, akatia mhuri daftari lake kwa mguu wake mdogo, maana mguu wa Profesa ulikuwa umeshughulika na kusukuma mwamba. Mvua zilipoanza, mama yake alikuwa ameshapewa jibu. Safari hii Pimbi alimtazama usoni.

Na Profesa? Wanafunzi walimvuta siku mbili, hai! hai! hai! mpaka akachomoka, pua imechubuka. Wakubwa wa chuo wakakaa kikao kizito. Wakasema aibu hii isijirudie tena, lazima iundwe Kamati ya Kulinda Kazi za Wanafunzi. Wakatafuta mwenyekiti mwenye kuujua vizuri wizi wa kazi za wanafunzi. Wakampata. Ni Profesa Kiboko, na alishukuru kwa hotuba ndefu, akasema yule Pimbi aliyekwenda ng'ambo ni matunda ya malezi yake.

Mnauliza funzo? Funzo lipo. Wanafunzi, waheshimuni wakubwa, wao ndio wanaowafungulia milango. Na ninyi wakubwa, someni kwanza kile mnachokiiba.

Ngano nimeitua chini. Atakayeibeba aseme kaipata kwa nani. Ikiwa tamu, ni yangu. Ikiwa chungu, andikeni jina la Profesa.