Kopo la Mtoto wa Kobe

Hivi wewe unayenisikiliza, mara ya mwisho kumwona mtoto amechafuka mpaka ndani ya masikio, na hakuna mtu mzima aliyemkemea, ilikuwa lini? Usinijibu haraka. Fikiria kwanza, halafu sikiliza yaliyotokea kijiji cha Mikwajuni, mwaka ule jua lilipowaka mpaka mto ukabaki mchanga mtupu.

Watoto wa Mikwajuni hawakuwa na ratiba. Wakishaamka, wameshaondoka. Ngiri mdogo alifukua mchanga wa mto mpaka maji yakachimbuka. Tumbili mdogo alipanda mtini kutikisa matunda ya furu. Kitungule, binti wa Sungura, alipanga nani apite wapi ili mwenye shamba asiwaone. Nyuma kabisa alifuata Taratibu, mtoto wa Kobe, ambaye kila mchezo aliukuta umekwisha, akauliza, "Nani kashinda?"

Jioni walirudi magoti yamechunika, mikononi furu na ukwaju, na habari za wapi maji yamepatikana leo. Ukame wote ule, hakuna nyumba iliyolala njaa. Watu wazima walidhani ni baraka tu. Watu wazima bwana!

Aliyeona faida ya jambo lile ni Fisi. Fisi hakuwa na kazi, ila tumbo lake lilikuwa na kazi ya kudumu, full-time, bila likizo. Akaenda mjini siku tatu, akahudhuria semina, akarudi na cheti. Semina ilihusu nini, hata yeye hajui, maana muda wote alikuwa kwenye sambusa. Lakini cheti kilikuwa na muhuri, na muhuri ulikuwa wa bluu. Mikwajuni wakiona muhuri wa bluu, akili zinasimama wima kama askari.

Ukaitishwa mkutano mbele ya Simba, mwenyekiti wa kijiji.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, wadau wote," Fisi akaanza, "watoto wetu wapo at risk! Wanapanda miti. Mti ni nini? Ni kitu kirefu. Na kitu kirefu, ndugu zangu, kina chini!"

Wazazi wakashika vifua.

"Wanachimba mashimo. Shimo ni nini? Ni kaburi ambalo halijapata mtu!"

"Yesu na Maria!" akalia mama Ngiri, ambaye yeye mwenyewe alizaliwa shimoni na analala shimoni mpaka leo.

Mama Kitungule akanyoosha mkono. "Samahani kaka Fisi. Wewe una watoto?"

"Dada yangu," akajibu Fisi, akikunjua karatasi, "mimi nina cheti."

Simba akakohoa kwa heshima zake. Alikuwa hajaelewa kitu, lakini alikuwa amesikia jina la kituo kitakachojengwa: Kituo cha Malezi Salama cha Mheshimiwa Simba. Akakanyaga wino, akakanyaga karatasi, mambo yakawa official.

Basi uwanja wa watoto ukazungushiwa miiba ya migunga. Watoto wakawa wanalala humo humo, na ndani marufuku kukimbia. Marufuku kupanda. Marufuku kupiga kelele, na kucheka kwa zaidi ya meno manne. Kila asubuhi mzazi alete chakula cha mwanawe, akiache getini, aondoke. "Ukiingia utalia, mtoto atalia, process itaharibika," alisema Fisi.

Wazazi wakaleta. Wakati wa ukame, wakajinyima na kuleta: viazi, mihogo, vipande vya maboga, kila mama amefunga kwa kitambaa chake. Vyote vikaingia chumba kimoja chenye mlango wa mabua ulioandikwa OFISI, HAKUNA KUINGIA. Watoto wakapewa uji ambao ulikuwa maji yaliyopita karibu na unga, yakausalimia, yakaendelea na safari.

"Shikamoo anko Fisi, tuna njaa," alisema Ngiri.

"Marahaba. Niite Mkurugenzi. Na hiyo siyo njaa, ni mabadiliko ya tabia."

Huku nje, vijungu vya kijiji vikaanza kulia. Hakukuwa na wa kuleta furu, wala wa kujua maji yamehamia wapi. Wazee walichimba mchanga siku nzima wakapata mchanga mwingine.

Wiki mbili zikapita. Ngiri akabaki pembe na macho. Siku moja Tumbili akajaribu kupanda nguzo ya geti, akafika nusu, akasikia kizunguzungu, akashuka analia.

"Nimesahau," akamwambia Kitungule. "Mguu gani unatangulia?"

 Siku ile Kitungule hakutania mtu. Alimtazama rafiki yake, tumbili anayeogopa nguzo, akajua kwamba wakikaa humo mpaka mvua inyeshe, watatoka kuku.

"Mwenyekiti anakuja kukagua Ijumaa," akasema mwishowe. "Taratibu, wewe ukijikunja unafanana na nini?"

"Na jiwe," akajibu Taratibu kwa aibu. "Watu wananikalia."

"Safi sana. Usibadilike."

Ijumaa Simba akafika, manyoya yamechanwa, akatafuta kibao chenye jina lake. Alipokwisha kukisoma mara tatu, akawaona watoto.

"Mbona wamekonda?"

"Mazoezi, Mheshimiwa," akasema Fisi.

"Mazoezi gani, na kukimbia ni marufuku?"

"Ya... ya ndani kwa ndani."

Kitungule akapiga goti. "Shikamoo Mheshimiwa. Mkurugenzi ni mtaalamu wa michezo, anaona haya tu kujisifu. Aturuhusu tucheze kombolela, yeye awe mtafutaji, uone utaalamu wake."

Macho ya Simba yakang'aa. "Kombolela! Enzi zangu sikuwahi kukamatwa hata mara moja!"

"Nani angethubutu," akanong'ona Ngiri.

"Unaujua lakini, Fisi?" akauliza Simba.

Fisi hakuujua. Utotoni kwake wenzake walipocheza, yeye alikuwa anakula vya waliokwenda kucheza. Lakini mwenye cheti hasemi sijui. "Nimeusomea, Mheshimiwa. Ulikuwa moduli ya pili."

Simba mwenyewe akaweka kopo bovu katikati ya uwanja, akatangaza sheria kama anasoma hukumu. Mtafutaji anafumba macho na kuhesabu, wengine wanajificha. Anayeonekana anakuwa mateka. Lakini akibaki hata mmoja, akalipiga kopo teke na kuita kombolela, mateka wote huru. "Na mtafutaji atalifuata kopo lile lile, popote lilipoangukia, alirudishe hapa. Hakuna mkato!"

"Nimeelewa kitambo," akasema Fisi.

Akahesabu. Geti likafunguliwa, watoto wakatawanyika vichakani. Kumpata Ngiri ilikuwa rahisi, tumbo lake lilinguruma. Tumbili alikuwa chini ya mti badala ya juu. Kitungule alijitokeza mwenyewe, masikio wima, akasema, "Loo, umenikamata! Macho gani hayo, Mkurugenzi!"

Fisi akavimba. Akarudi kwenye kopo akihema, akakuta jiwe zuri la mviringo pembeni yake, akaketi. "Mmoja tu amebaki," akamwambia Simba, "yule wa Kobe. Huyo hata mwakani hajafika. Nimeshinda."

"Nani kashinda?" jiwe likauliza.

Fisi akatazama chini. Jiwe likasimama. Fisi akaenda miguu juu kama meza iliyopinduliwa, na Taratibu, kwa mara ya kwanza maishani akiwa amefika mchezo haujaisha, akatoa kamguu kake kafupi, akalipiga kopo upande alioonyeshwa na Kitungule.

"KOMBOLELAAA!"

Kopo likaruka, likadunda, likabingirika likilia ko-ko-ko, likapasua mlango wa mabua, likaingia OFISI.

Watoto walikuwa wanashangilia. Fisi akainuka, akajipangusa vumbi polepole.

"Lifuate," akasema Simba.

"Mheshimiwa, tutumie kopo jingine. Ninalo zuri zaidi, lina mfuniko."

"Kopo lililopigwa ndilo linaloletwa."

"Mle kuna documents, Mheshimiwa. Nyeti."

"Fisi! Sheria ya kombolela nimeitii mimi, Simba, tangu sijaota sharubu. Utaivunja wewe? Fungua!"

Fisi akavuta mlango kwa kidole kimoja. Vikamporomokea: viazi, mihogo, maboga, mafundo kwa mafundo, mpaka akafunikwa, ikabaki pua. Kopo likatoka mwisho, likasimama juu ya pua.

Tumbili mdogo akasogea, akaokota kitambaa chenye mistari. "Hiki cha mama," akasema. "Alikuwa ananiletea. Kila siku alikuwa ananiletea." Akakifunga shingoni, akatazama ile nguzo ya geti, na bila kuuliza mguu gani unatangulia, akapanda mpaka juu kabisa, akapiga kelele ambayo ilisikika mpaka mtoni.

Simba naye akatoa teke lake. Ndiyo maana mpaka leo Fisi hutembea makalio yameshuka. Huko nyuma hakujapona. Njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa fupi kama teke la mtoto wa kobe.

Sasa Mheshimiwa Mwenyekiti, usijifanye uko busy. Wino ulioukanyaga bado uko unyayoni, na miiba bado imesimama. Na ninyi mliouona muhuri wa bluu mkasahau mlikozaliwa, sogeeni karibu. Ng'oeni uzio, wote, leo hii, kabla jua halijatua. Rudisheni miti, mashimo na magoti yaliyochunika kwa wenyewe. Na kopo liacheni pale pale lilipo.