Maji ya Gotini

Maji ya gotini hayanyweshi shamba.

Mlilisikia neno hili kwenye matanga ya babu yenu, wazee walipokuwa wakimtaja, nanyi watoto wa kaka zangu mkanigeukia mkaniuliza, "Shangazi Niwaeli, goti na shamba wapi na wapi?" Siku ile nilikuwa na wageni wa kuhudumia. Sasa wageni wameondoka na nyumba imetulia. Nawaandikia ili mjue, na mimi pia nisije nikasahau.

Methali hii ilianza asubuhi ambayo maji hayakufika.

Kwetu Upare, kiangazi kikishika, maharage huishi kwa ndiva. Ninyi mliokulia mjini huenda hamkuiangalia vizuri. Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo wa mfinyanzi, limejengwa juu ya mashamba. Usiku mfereji hulijaza. Alfajiri mtu mmoja, ambaye tunamwita mfunguzi, hushuka ndani, huchuchumaa, na huchomoa mzibo kwa mikono yake. Hapo maji huteremka, kila shamba kwa zamu yake.

Kazi hiyo haina mshahara, lakini mfunguzi ndiye husikilizwa watu wakigombania mipaka. Ina masharti mawili. La kwanza, mfunguzi huingia peku. La pili, fimbo haipandi kwenye kingo za ndiva, kwa sababu ncha yake hutoboa udongo, na tundu dogo huweza kuangusha ukuta mzima. Mtu wa mkongojo basi hawezi kuwa mfunguzi. Na zamani hizo, ukoo uliokosa kufungua siku moja tu ulinyang'anywa kazi, ikahamia ukoo mwingine moja kwa moja.

Babu yenu Senzighe alikuwa mfunguzi, na baba yake kabla yake. Alikuwa ameshapita miaka sitini alipoteleza kwenye jiwe siku ya msaragambo, watu wote wakiwa wamekusanyika kusafisha mfereji. Goti la kulia lilipinda upande. Aliinuka akacheka, akaendelea kuchimba. Jioni goti lilikuwa limevimba kama papai.

Mama alimwambia, "Kesho twende hospitali."

"Hospitali watanipa fimbo," baba alijibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Badala yake alimwita mkandaji, aliyekuja kwa mlango wa uani giza likishaingia. Alilikanda goti kwa mafuta ya nyonyo ya moto mpaka baba akauma ukingo wa shuka. Uvimbe ulipungua, ukarudi. Akakandwa tena, ukarudi mkubwa zaidi. Mwishowe akawa analifunga kwa kipande cha kanga ya mama, kisha anavaa suruali juu yake. Wageni wakija, aliwasalimu akiwa ameketi, na watu wakaanza kusema kwamba Senzighe siku hizi ana maringo, hainuki hata kwa wakwe zake. Alivumilia kusemwa hivyo. Maringo hayakumpotezea mtu kazi.

Alikuwa anakwenda kwenye ndiva kabla ya watu kuamka, ili asionekane akishuka. Mama alijua anavyoshuka, kwa kuwa ndiye aliyefua suruali zake. Tope lilikuwa kwenye makalio, si miguuni.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka kwa mume wangu kuja kumsaidia mama palizi. Asubuhi hiyo tulisimama kwenye mdomo wa mfereji wetu na majembe, pamoja na majirani. Maharage yalikuwa yanatoa maua, na maharage yakikosa maji wakati wa maua hayana msamaha. Jua likachomoza. Mfereji ulikuwa mkavu. Mzee Kirita, ambaye ukoo wake ndio uliofuata kwenye mstari wa kupewa kazi hiyo, alibeba jembe lake begani akaanza kupanda mlima. Sote tukamfuata.

Tulimkuta baba ndani ya ndiva. Maji yalimfika kifuani. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mikono ameishikiza kwenye mawe, na midomo yake ilikuwa imebadilika rangi kwa baridi.

"Senzighe!" Kirita aliita. "Unaoga? Huku chini maharage yanakulilia."

"Nasikiliza kama mzibo umekaa vizuri," baba alisema.

Bibi Nakiete, jirani yetu aliyekuwa mtani wake wa siku zote, alijishika kiuno. "Tangu alfajiri unausikiliza, shemeji? Haya, tuambie na sisi. Umekueleza nini huo mzibo? Unataka kuolewa?"

Watu wakacheka. Baba alijaribu kucheka nao, meno yakagongana. Mama hakucheka. Aliingia majini na nguo zake zote, akamshika kwapani.

"Toka, baba Niwaeli."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

Alitazama watu waliojipanga kwenye kingo, kisha akamtazama mama peke yake. "Goti limejifunga. Halikunji, halinyooki. Nimeshindwa kuchuchumaa."

Kicheko kilikatika. Bibi Nakiete alivuta upande wa kanga akajifunika mdomo. Kirita aliweka jembe chini, akavua viatu, akashuka. Nilidhani anakwenda kumsaidia mama, na kweli alimsaidia, akamsogeza baba ukutani. Lakini maji yalikuwa mengi na baba alikuwa anatetemeka, kwa hiyo maji ya ndiva ilibidi yapungue. Kirita akavuta pumzi, akazama, akachomoa mzibo.

Maji yalianza kuteremka, na kila mtu pale alijua kwamba mkono wa ukoo mwingine umeshika mzibo. Baba aliinamisha kichwa. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku hiyo, na hata siku hiyo alikuwa amelowa usoni, kwa hiyo siwezi kuapa.

Tulimbeba kwa kitanda cha kamba mpaka barabarani, tukapata gari la kwenda hospitali ya wilaya. Daktari alikuwa dada kijana, mpole wa sauti.

"Shikamoo, baba. Uliumia lini?"

"Marahaba. Juzi."

"Juzi ya masika," mama alisema. "Sema yote. Mimi nimechoka kufua siri zako."

Baba akasema yote: jiwe, mkandaji, mafuta ya moto, kitambaa. Daktari alimsikiliza bila kumkatiza, akalibonyeza goti taratibu, akampeleka kupiga picha. Kisha alimdunga sindano ya ganzi, na kwa sindano nyingine akaanza kuvuta maji yaliyokuwa ndani. Yalikuwa ya manjano, yamechanganyika na damu. Alijaza bomba akalimwaga kwenye bakuli, akavuta tena, na tena.

Baba aliliangalia bakuli kwa muda mrefu. "Haya yote yalikuwa ndani yangu?"

"Yote, baba."

Mama alikuwa amesimama kando ya kitanda, nguo zake bado hazijakauka. Alisema bila ukali, kama mtu anayejisemea, "Wewe ambaye umenywesha mashamba ya watu wote. Haya uliyazuia kwa ajili ya nani? Maji ya gotini hayanyweshi shamba."

Ndipo neno hili liliposemwa kwa mara ya kwanza.

Daktari alieleza kwamba kutoa maji ni nafuu tu, siyo tiba. Gegedu lililo kati ya mifupa lilikuwa limechanika siku ile ya msaragambo, na kwa kulikandakanda na kulitembelea likasagika. Angekuja mapema, alisema, pengine lingetengenezwa. Sasa angefanya mazoezi ya kukaza misuli ya paja, angetumia mkongojo, na asichuchumae tena maisha yake yote.

"Nitatembea?" baba aliuliza.

"Ukifuata ninayokuambia, utatembea."

"Na ndiva?"

Daktari hakuijua ndiva. Mama alimweleza. Alitikisa kichwa, akasema, "Pole sana, baba."

Aliporudi nyumbani, wazee waliitisha kikao kwenye njia iliyo chini ya ndiva. Baba alikwenda na mkongojo wake, akasimama mbali na kingo. Wazee walisema linalojulikana, kwamba kazi imehamia kwa Kirita. Baba alikubali. Kisha akaomba kusema.

"Nimekosa, na mguu wangu umenilipa," alisema. "Lakini na ninyi mjiulize. Niliogopa kwenda kutibiwa kwa sababu siku moja tu ya kukosa ingenifukuza. Kirita naye ana magoti. Akianguka kesho, mnataka naye ayafiche? Mpeni nafasi atibiwe, mtu mwingine amshikie, akipona arudi."

Mzee mmoja akasema, "Unajitetea, Senzighe."

"Mimi nimeshatoka. Daktari amenitoa. Nawatetea wanaokuja."

Aliyefuata kusema ni Kirita. Alisema tangu siku ile akishuka ndani ya ndiva huwa anatazama anapoweka mguu, na kila akitazama anaogopa. Akaunga mkono. Sharti likabadilishwa hapo hapo. Mama yangu hakuwa kwenye kikao, lakini neno lake lilikuwepo, kwa maana baba alilirudia mbele ya wote kabla hajaondoka, na watu wakalibeba kila mmoja nyumbani kwake.

Baada ya hapo baba alikuwa akikaa kwenye benchi kila asubuhi, mfuko wa mchanga umefungwa kwenye kifundo cha mguu, akiunyoosha na kuushusha. Alirudi hospitali kila alipoitwa. Goti halikupona likawa kama zamani, ila lilimbeba. Alitembea mwenyewe kwenda kanisani na sokoni mpaka presha ilipomlaza mwaka huu. Alfajiri, maji yakipita kwenye mfereji wetu, alikuwa akiusimamisha mguu hewani kidogo, kisha anaendelea na mazoezi. Hakuwahi kurudi juu kuiona ndiva.

Kwa hiyo wanangu, mtu akificha maumivu ili asipoteze heshima, au cheo, au kazi, huambiwa hivyo. Unachokizuia ndani yako hakimsaidii mtu, na wewe mwenyewe kinakuozesha. Maji ya gotini hayanyweshi shamba.

Mfunguzi wa sasa ni Mbazi, mtoto wa marehemu Kirita. Wiki iliyopita alivunjika kifundo cha mguu, akaenda hospitali siku hiyo hiyo, na mguu wake uko kwenye plasta. Ndiva inafunguliwa na mdogo wake. Mbazi akipona atarudi kazini.