Vuai na Mlisha Tembo wa Sultani

Hapo zamani, enzi za kodi kupigiwa baragumu sokoni, palikuwa na nchi ya Tamburu, na mtawala wake akiitwa Sultani Nasibu. Hakuwa mtu mbaya, ila hakujua kusema "yatosha". Kila aliyemjia na shemeji asiye na kazi alimpa kazi, na kila kazi ikazaa msaidizi, na msaidizi naye akataka mtu wa kumbebea mkeka. Ikawa yuko Mshika Mwavuli wa Sultani, na Mfungua Mwavuli, na Mtazama Mawingu wa kuwaambia hao wawili kwamba mvua i karibu. Alikuwako hata Mlisha Tembo, naye ni shemeji yake Waziri Ghalibu, akipewa posho ya majani kila mwezi, ingawa tembo mwenyewe alikufa zama za babu yake Sultani.

Basi hazina ikawa haishibi. Watu walitozwa kodi ya mbuzi, wakauza mbuzi. Wakatozwa kodi ya milango, wakang'oa milango na kutundika mikeka. Mwisho Waziri Ghalibu akatangaza kodi ya mafiga, kila jiko lilipiwe. Mji ukanuna. Wanawake wakawa wanapika mtaa mzima kwenye jiko moja, na watoto wakilala kabla zamu ya chungu cha kwao haijafika.

Sultani akaita baraza, akauliza, "Ghalibu, sikukuagiza upunguze matumizi?"

"Uliniagiza, Bwana wangu," akajibu Waziri, "nami nikaunda Baraza la Kupunguza Matumizi. Ila wajumbe wake wanahitaji punda, na mpishi, na nyumba ya kukutania. Ndiyo maana pakawa na kodi ya mafiga."

Hapo mtu akaangua kicheko nyuma ya umati. Alikuwa Vuai, fukara asiye na mbele wala nyuma, ambaye watu walimwita punguani hadharani, kisha wakamwendea faraghani kumwomba shauri.

"Wacheka nini, ewe Vuai?" akauliza Sultani kwa ghadhabu.

"Unisamehe, Bwana wangu. Nimemkumbuka jirani yangu mmoja aliyesumbuliwa na panya, akanunua panya wengine waje wawafukuze."

Watu wakainamisha vichwa kuficha vicheko. Sultani akasema, "Vema. Kwa kuwa waona ni rahisi, wewe ndiwe utakayepunguza. Mwezi huu ukiisha nataka matumizi ya jumba langu yawe nusu. Lakini usimfukuze mtu hata mmoja, usimpunguzie mtu ujira, wala usifute cheo chochote. Ukishindwa, utatolewa nchini kwa viboko."

Waziri Ghalibu akatabasamu ndani ya ndevu zake. Mize, dada yake Vuai, ambaye ndiye aliyekuwa akimlisha, akamvuta shuka, akamnong'oneza, "Piga magoti uombe radhi, ndugu yangu! Huko ugenini nani atakayekupa hata uji?"

Vuai naye alijua amejiponza, maana mdomo ulimtangulia kama ilivyo ada yake. Akasema, "Bwana wangu, nakubali. Naomba amri moja tu: kila mtu aifanye kazi anayoilia ujira, kwa mikono yake mwenyewe, kila siku, tangu jua kuchomoza hata kuchwa."

"Hilo tu?"

"Hilo tu, Bwana wangu."

"Nimekupa."

Kulipokucha Vuai akamwendea Mlisha Tembo, akamkuta angali kitandani. "Amka, bwana mkubwa. Tembo ana njaa."

"Tembo gani? Si alikufa!"

"Mimi sikuletewa habari za msiba. Wewe u Mlisha Tembo, na posho ya majani wapokea. Shuka bondeni ukate, ubebe, umwage zizini."

"Na yasipoliwa?"

"Jioni uyatoe, asubuhi ulete mabichi. Tembo wa Sultani hali majani yaliyolala."

Akatoka hapo, akampandisha Mtazama Mawingu juu ya paa, naye akashinda juani kuitazama mbingu ya kiangazi hata shingo ikakakamaa. Mshika Mwavuli akaamriwa asibanduke nyuma ya Sultani, ikawa amfuata hata mlangoni pa choo. Wajumbe wa lile Baraza wakaambiwa wasiinuke mpaka wapunguze kitu, na waanze na kilicho mbele yao. Nacho kilikuwa sinia la pilau.

Haukupita muda, nyudhuru zikamiminika. Huyu kiuno, yule mama mkwe mgonjwa, mwingine amelikumbuka shamba aliloachiwa na babaye. Mlisha Tembo aliutupa mundu zizini akaenda zake bila kuaga. Na Sultani, ambaye kwa miaka mingi alikula wali baridi kwa kuwa ulipitia mikono ya waonjaji chungu nzima, siku moja akaletewa wali unaofuka mvuke. Akaungua ulimi, akafurahi kama mtoto.

Mwezi ulipokwisha, Mtunza Hazina akathibitisha kwamba matumizi yamepungua kupita nusu. Waziri Ghalibu akasimama kwa hasira: "Bwana wangu, huyu amewafukuza watu! Shemeji yangu hata kutembea hawezi!"

"Nimemfukuza nani?" akauliza Vuai. "Vyeo vyote vipo, na ujira wake upo. Anayetaka na arudi kesho alfajiri, mundu nimeshaunoa."

Sultani akawatazama wale waliokuwa watumishi wake, waliosimama barazani wakijisugua viuno. Hakuna aliyejongea hata hatua. Sultani akacheka, akafuta kodi ya mafiga papo hapo, kisha akasema, "Vuai, chagua cheo ukipendacho."

"La, Bwana wangu, nisije nikataka msaidizi. Ila amri yako haijatimia. Yupo mtu mmoja ambaye bado hajaifanya kazi anayoilia ujira."

"Nani huyo? Mlete!"

Vuai akainamisha macho miguuni pa Sultani. Sultani akaelewa, na kicheko kikamkauka kinywani, kwani kazi ya sultani ni kuwasikiliza raia, naye alikuwa amewaachia mawaziri tangu siku ya kutawazwa. Mize akaziba uso kwa kanga, akingojea kumsikia nduguye akilia kwa viboko.

Lakini Sultani aliinuka, akatoka nje, akaketi ngazini. Mbele yake wakajipanga watu kutoka lango la jumba hata sokoni, kila mmoja na lake, wengine na mawili. Ilipofika alasiri alikuwa amelowa jasho, na kikongwe mmoja angali anamsimulia ugomvi wa mpaka wa shamba tangu kuzaliwa kwa mumewe.

"Vuai," akasema kwa sauti ya chini, "kazi hii ngumu!"

"Usijali, Bwana wangu. Shamba la babako lipo."

Sultani akacheka hata kilemba kikamwenda upande, lakini hakuinuka. Akamgeukia yule kikongwe, akamwambia, "Endelea, mama. Mumeo kazaliwa, ikawaje?"