Vitambaa kwenye Mtutu wa Mzee Semkiwa

Hii nimeletewa na shemeji yangu, naye kaitoa kwenye kundi lao la kwaya. Kwa kawaida hadithi za kusambazwa nazifuta hata kabla sijazifungua, maana nyingi ni maneno matupu na picha ya ua. Hii nimeisoma, nikarudia. Basi na wewe isome yote, usirukie mwisho. Nakujua.

Katika mji mmoja wa milimani, kwenye baridi na mashamba ya chai, palikuwa na klabu ya kulenga shabaha. Si bunduki za kuulia, hapana. Ni bunduki za upepo, zile zinazorusha kijirisasi kidogo kama punje ya mtama kwa nguvu ya hewa iliyobanwa. Watu walishindana kutoboa doa jeusi katikati ya karatasi, na walinuniana juu ya mchezo huo kama wengine wanavyonuniana juu ya mpira.

Klabu ilikuwa na desturi yake. Bingwa wa mwaka alikatiwa kitambaa chekundu, akafungiwa kwenye mtutu wa bunduki yake mbele ya watu wote. Fundo lililowanishwa maji ili likikauka likaze sawasawa. Watu wakapiga makofi, wakala pilau, wakaenda zao.

Mzee Semkiwa ndiye aliyekuwa na vitambaa vingi kuliko mtu yeyote. Mtutu wake ulikuwa umevivaa kuanzia katikati hadi karibu na mdomo. Ukiiona bunduki ile inaingia langoni huulizi ya nani. Watoto waliipisha njia, na yeye alipenda sana kupishwa, tuseme ukweli.

Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, bunduki ile alimpa binti yake, Mwanaidi. Binti alikuwa na mkono mtulivu kumshinda baba. Hata baba mwenyewe alilisema hilo, ingawa alilisema nyumbani tu.

Sasa sikia kilichokuwa mezani. Kambi ya timu ya taifa ilikuwa inachukua mtu mmoja kutoka mji ule, yule atakayeshinda mashindano ya klabu, na haichukui aliyepita umri uliowekwa. Mwanaidi mwakani angekuwa amepita. Kwa hiyo ilikuwa ni mwaka huu au basi, abaki kuwa binti ya bingwa mpaka anazeeka.

Tatizo lilikuwa mtutu. Ulikuwa mrefu na mwembamba, wa bunduki ya zamani. Mwanaidi alilenga vizuri, akabana pumzi vizuri, akavuta kifyatulio taratibu, na bado matundu yake yalitawanyika kwenye karatasi.

Wakaipeleka bunduki kwa Ngereza, fundi wa bunduki za upepo, kijana mwenye maneno mengi.

"Mzee, shikamoo. Huyu binti hana kosa," alisema baada ya kuitazama. "Ukifyatua, mtutu unatetemeka kama waya wa gitaa. Kijirisasi kinatoka wakati mdomo unachezacheza. Leo kinatoka ukiwa juu, kesho ukiwa chini. Tena jua likiupiga upande mmoja, unapinda. Hutaona kwa macho, ila karatasi itaona."

"Enzi zangu haukuwa ukitetemeka," Mzee Semkiwa alisema.

"Ulikuwa unatetemeka, Mzee. Ila na wenzako wote mitutu yao ilikuwa inatetemeka."

Mwanaidi alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Dawa yake, Ngereza akaeleza, ni kuuvika mtutu gamba la nyuzi za kaboni. Akawaonyesha. Lilikuwa bomba jeusi, jepesi kuliko mwiko wa kupikia ugali, lakini ukijaribu kulipinda mikono ndiyo inayouma. Unaliingiza juu ya mtutu, unaligundisha nyuma, unalikaza kwa nati mbele. Mtutu ukiwa ndani yake unakuwa umevutwa na kunyooka kama uzi wa fundi mwashi. Hautikisiki ovyo, na jua haliufikii.

"Lakini hivi vitambaa lazima vitoke," alisema.

Mzee Semkiwa alivifungua mwenyewe, fundo moja baada ya jingine, kwa ncha ya sindano ya kushonea magunia. Alichukua mchana mzima. Alivikunja kwenye leso na kuitia mfukoni.

Gamba lilipoingia, mtutu ukawa mnene, na nafasi kati yake na ubao wa bunduki ulio chini yake ikawa finyu. Ngereza akaupiga ubao msasa kidogo. Kisha akachukua kipande cha karatasi, akakipitisha kati ya gamba na ubao, toka mbele hadi nyuma. Kilipita bila kukwama.

"Mmeona? Hapa pasiguse kitu," alisema. "Mtutu ukiguswa, kila ninachofanya hapa ni bure. Ukiwa na wasiwasi, pitisha karatasi. Ikipita, lala usingizi."

Mwanaidi akapiga risasi za majaribio nyuma ya karakana. Matundu yaligusana. Akapiga tena, yakagusana tena. Aliitazama ile karatasi, akaanza kulia hapo hapo mbele ya fundi, kwa furaha. Mzee Semkiwa alimpapasa mgongoni, akasema, "Haya, haya, mama. Twende nyumbani."

Siku ya mashindano ikafika.

Asubuhi Mwanaidi alitoka ndani na kumkuta baba yake barazani, bunduki mapajani, bakuli la maji pembeni. Alikuwa anafunga vitambaa. Vyote, vilevile kama zamani, juu ya lile gamba jipya jeusi. Alikuwa anachovya fundo, anakaza, anahamia lingine.

"Baba," Mwanaidi alisema, "si fundi alisema pasiguse kitu?"

"Kitambaa si kitu. Kitambaa ni heshima."

"Ndiyo, Baba, lakini..."

"Lakini nini? Unataka uingie langoni na mtutu uchi, kama mtu asiye na kwao?"

Unajua jinsi ilivyo. Ni baba yake, bunduki imetoka kwake, na furaha yake asubuhi ile ilikuwa inaonekana hata kwa mpita njia. Utamwambiaje afungue? Mwanaidi akaitwaa bunduki kwa mikono miwili, akasema asante.

Uwanjani watu walisimama walipoiona bunduki inaingia. Mahimbo, bingwa wa mwaka uliopita, mtu wa utani, akapiga kelele, "Haya wenzangu, tufunge virago, vitambaa vimekuja!" Mzee Semkiwa alitembea mbele ya binti yake, kifua mbele kama anayeshindana ni yeye.

Mashindano yalikuwa na awamu mbili, na katikati mapumziko mafupi. Bi Pelagia, mwenyekiti wa klabu na msimamizi wa uwanja, akapiga filimbi. Mwanaidi akalala kifudifudi, akalenga, akafyatua.

Risasi ya kwanza ikaenda chini kulia. Ya pili ikaenda juu. Ya tatu sijui ilielekea wapi, ila si kwenye doa jeusi.

"Bana pumzi!" Mzee Semkiwa alinong'ona kwa nguvu, kile kinong'ono kinachosikika uwanja mzima.

Alibana pumzi. Ikaenda kushoto.

"Chai! Umekunywa chai nyingi, mkono unatetemeka."

"Mzee Semkiwa," Bi Pelagia alisema, "ukisema tena utasubiri nje ya lango."

Awamu ya kwanza ilipoisha, Mwanaidi alikuwa karibu na mkia. Mahimbo alikuwa anaongoza. Hakuna aliyetania sasa. Watu waliangalia pembeni, jinsi watu wanavyofanya wakimwonea mtu huruma na hawataki ajue.

Mzee Semkiwa alikuwa amewaka hasira. "Ni hili dude jeusi! Nilijua! Vitu vya kisasa hivi, maneno mengi kazi hakuna. Lete bisibisi tulivue. Bunduki hii imeshinda miaka yote bila gamba!"

"Baba, hakuna muda wa kulivua."

"Basi limehama. Limesogea likagusa ubao. Yule kijana hakulikaza."

Akachomoa kipande cha karatasi kwenye pakiti ya risasi, akapiga magoti, akakiingiza kati ya gamba na ubao, kama alivyomwona Ngereza akifanya. Kilipita vizuri mwanzoni. Kisha kikakwama.

Akakichomoa, akajaribu tena. Kikakwama palepale. Akajaribu kutokea upande wa pili. Kikakwama.

Akainamisha kichwa akachungulia kwa yale macho yake ya ukungu. Alipoona haoni, akapeleka kidole. Kidole kikagusa fundo. Fundo gumu, lililokauka, limejikaza kati ya gamba na ubao kama kabari. Nyuma yake lilikuwepo la pili. Zamani mtutu ulikuwa mwembamba na mafundo yalikuwa na nafasi. Sasa hayakuwa na pa kukaa, na kila risasi ilipotoka yaliusukuma mtutu upande tofauti.

Mzee Semkiwa alibaki pale chini, karatasi mkononi. Hakuna aliyejua alichokigusa isipokuwa yeye. Angeweza kusimama akamlaani fundi, na mji mzima ungemwamini. Angeweza kusema binti hakujaliwa mkono. Wangeamini hilo pia.

Mwanaidi akachuchumaa karibu yake. Akaiona karatasi, akauona mkono wa baba yake ulipo. Akaelewa.

"Baba, acha tu," alisema polepole. "Nitapiga hivyohivyo. Vimekaa hapo miaka mingi."

Hapo ndipo yule mzee alipovunjika. Si kwa aibu. Ni kwa kusikia kwamba binti yake yuko tayari kuikosa kambi, aukose na mwaka wake wa mwisho, ilimradi baba asivunjiwe heshima mbele za watu.

Akasimama. "Nani ana kisu?"

Watu wakatazamana.

"Nimesema nani ana kisu! Mmekuwa viziwi?"

Bi Pelagia akatoa kisu kidogo anachokatia karatasi za shabaha. Mzee Semkiwa akakata cha kwanza. Kitambaa kikaanguka kwenye nyasi. Akakata kinachofuata. Mahimbo akasogea akasema, "Mzee, taratibu, hivyo ni..." na Mzee Semkiwa akamjibu bila kuinua kichwa, "Navijua ni nini. Nilikuwepo." Machozi yalikuwa yanamtoka wazi, wala hakuyafuta. Alikata hadi mtutu ukabaki mweusi mtupu.

Akapitisha karatasi. Ikapita toka mbele hadi nyuma.

"Kapige, mama," alisema.

Filimbi ikalia. Mwanaidi akalala, akalenga, akafyatua. Katikati. Akafyatua tena, na wenye darubini wakadhani amekosa karatasi nzima, maana hawakuona tundu jipya. Bi Pelagia akatembea mwenyewe hadi kwenye shabaha, akatazama karibu, akarudi akisema imeingia kwenye tundu lilelile.

Alipanda nafasi moja moja. Kufikia risasi ya mwisho alikuwa sawa na Mahimbo. Mahimbo akapiga yake, nzuri tu, pembeni kidogo ya kitovu. Mwanaidi akakaa muda mrefu bila kufyatua, hadi watu wakaanza kukohoa. Kisha akafyatua, na Bi Pelagia hakuhitaji kwenda kutazama.

Wee! Zile kelele! Ngereza alikuwa ameingia dakika hiyo hiyo kutoka mjini, hajui hata kilichotokea, akajikuta anarushwa hewani.

Bi Pelagia akaleta kitambaa chekundu na kibakuli cha maji, kama desturi ilivyotaka. Akaomba bunduki. Mwanaidi akaiweka bunduki nyuma ya mgongo wake.

"Naomba nikifunge mwenyewe," alisema.

Bi Pelagia akampa. Mwanaidi akakichovya majini, akaenda hadi aliposimama baba yake, akamshika mkono wa kulia, akamfungia kitambaa kwenye kifundo cha mkono. Akakaza.

Mzee Semkiwa akakitazama. "Mbona huku?"

"Si ulisema ni heshima, Baba? Basi nimeiweka kwa mwenyewe. Na hapo haigusi mtutu."

Mzee akamkumbatia. Watu wakaokota vile vitambaa vilivyokatwa kwenye nyasi, wakampa, naye akavitia kwenye leso yake.

Na Mahimbo? Alionekana nyuma ya kibanda cha maji, ameinamia bunduki yake, anahangaika kufungua fundo kwa meno. Mwaka uliofuata klabu nzima ilikuwa inafunga vitambaa mkononi, na ukiwauliza watakwambia ndivyo ilivyokuwa tangu zamani.

Ukimaliza kusoma, usiitupie kila mtu. Fikiria mzazi mmoja, au bosi mmoja, unayemjua wewe, mtumie huyo. Akiuliza kwa nini umemtumia yeye, mwambie umekosea namba.

Funzo: Heshima uliyoipata jana ni yako, ivae mwenyewe. Usiifunge kwenye kile anachokitegemea mwanao leo, halafu ukashangaa mbona hafiki ulipofika wewe.