Jina la Mwenye Kisa

Wametusimulia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika mji wa Zabidi, nchi ya Yemeni, alikuwapo mcha Mungu akiitwa Sheikh Mundhiri. Kila baada ya sala ya alasiri alikaa msikitini akiwahadithia watu habari za waja wema. Kisa kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa cha mjane aliyempelekea uji kila asubuhi jirani aliyemwibia mbuzi, hadi siku mwizi alipokuja mwenyewe na mbuzi yule, akilia.

Desturi yao ilikuwa msimulizi kumtaja kwanza aliyempa kisa. Sheikh Mundhiri alikuwa akisema, "Nimesimuliwa na mwanachuoni mmoja wa Basra." Huo ulikuwa uongo. Kisa alikisikia kwa Bi Luluwa, mama wa Kihabeshi aliyefua nguo za watu kisimani. Sheikh alichelea kwamba hakuna atakayetega sikio kwa maneno ya mfua nguo. Miaka kumi na mmoja akasema hivyo, na watu wakalia, na kuwaliza watu kuna utamu wake. Sisi wahadithiaji tunaujua.

Akaja mgeni wa Sham, Abu Hazimu, mtu mzima mwenye elimu, akakiandika kisa kile na kumtaja huyo mwanachuoni wa Basra. Alipomaliza kuandika alisema, "Sheikh, nitakisoma kwetu, na wanangu watakisoma baada yangu."

Toka hapo Sheikh hakutulia. Akiswali, anasahau rakaa. Akiletewa chakula, anakisukuma. Uongo wake ulikuwa unapanda ngamia kwenda kwa watu asiowajua na kwa watoto wasiozaliwa bado, na nani angeusahihisha huko? Siku ya tatu alikwenda mbio asubuhi hadi msafara ulipokuwa unafunga mizigo, akasema mbele ya wote, "Futa huyo wa Basra. Nilidanganya. Andika Luluwa, mfua nguo."

"Na kwetu nani atamsikiliza mfua nguo?" akauliza Abu Hazimu.

"Nami niliwaza hivyo hivyo, ndugu yangu, na ndiyo dhambi yangu."

Wengine wakacheka. Alasiri ile nusu ya wasikilizaji wake hawakuja. Akashuka kisimani, akamweleza Bi Luluwa yote na kumwomba radhi.

Mama yule hakuacha kukamua nguo. "Nimekusamehe, sheikh. Lakini kisa si changu. Nilitekwa nikiwa na miaka saba, nikauzwa huku. Sura ya bibi yangu mzaa mama nimeisahau. Lugha yake imenitoka. Kilichobaki ni kisa alichonipa, na jina lake, Desta. Nikifa leo, nani atamtaja?"

Msafara ulikwisha ondoka. Sheikh alivua kilemba, akajifunga kiunoni, akaufuata kwa miguu, na umri wake miaka sitini. Aliufikia siku ya pili, nyayo zikitoka damu. Neno lake la kwanza kwa Abu Hazimu lilikuwa, "Ongeza Desta."

Ndugu zangu, tunalelewa na maneno ya watu tusiowajua, wengine hata lugha zao hatuzielewi. Angalau tuwataje. Kisa hiki, miaka yote nimekuwa nikiwaambia nilikisoma kitabuni. Si kweli. Nilipewa na shangazi yangu, Bi Mwanaheri, akisuka ukili wa mkeka barazani. Mola amrehemu yeye, na mimi anisamehe.